Tuktuk ya petroli, ya gesi au ya stima: ipi ya kununua Malindi?

Jioni ya tarehe 14 ya kila mwezi, steji zote za tuktuk Malindi huwa na swali moja: imepanda au imeshuka? Ndiyo siku ambayo Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli, EPRA, hutangaza bei itakayotumika mwezi mzima unaofuata. Oktoba 2023 lita moja ya petroli ilipita shilingi 217 jijini Nairobi, na mwaka uliofuata ikateremka chini ya 190. Nauli ya mjini haichezi hivyo. Abiria wa kutoka Maweni kwenda sokoni amezoea bei yake, na ukimwongezea shilingi ishirini atapanda tuktuk ya nyuma yako. Kinachoongezeka kituoni hutoka mfukoni mwa dereva.

Ndiyo maana siku hizi watu wengi wanauliza kama wakati umefika wa kuachana na petroli. Nitalinganisha njia tatu ambazo mtu wa Malindi anaweza kuzifuata leo, kisha niguse kwa ufupi zile zinazotajwa sana barazani lakini hazitufai. Msimamo wangu ni huu: kwa tuktuk inayozunguka mjini, stima ndiyo chaguo bora, ila kwa masharti mawili ambayo nitayaeleza. Kwa anayekwenda Marafa, Gongoni au Kakoneni kila siku, petroli bado ina kazi. Gesi nayo faida yake ni ndogo kuliko sifa zake.

Petroli

Tuanze na hesabu, kwa sababu bila hesabu kila muuzaji ana chombo bora. Chukua tuktuk inayotembea kilomita 120 kwa siku. Injini ya kawaida iliyotunzwa, kwa mwendo wa kusimama na kuondoka wa mjini, hupata kama kilomita 25 kwa lita, kwa hiyo ni lita tano kasoro kidogo. Lita ikiwa shilingi 180, siku moja inakula karibu 900. Bei ikibadilika mwezi huu, weka yako mahali pa 180. Hesabu zote zilizo hapa chini zinafuata njia hiyo hiyo.

Usitarajie bei hiyo ishuke sana hata pipa la mafuta likishuka duniani. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kiliacha kazi hiyo mwaka 2013, kwa hiyo petroli yote inafika Mombasa kwa meli ikiwa tayari imesafishwa, na inanunuliwa kwa dola. Juu yake kuna kodi. VAT ya mafuta ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023, na mwaka mmoja baadaye ushuru wa kutunza barabara ukafika shilingi 25 kwa kila lita. Ushuru kama huo hauangalii bei ya pipa: mafuta yawe ghali au rahisi, shilingi 25 ni zile zile. Malindi tunaongezewa pia gharama ya lori la kutoka Mombasa.

Pamoja na hayo yote, petroli ina jambo ambalo wenzake hawana: fundi yuko kila mtaa. Kabureta ikikataa Gongoni saa mbili usiku, utapata mtu wa kuifungua. Spea zipo, tangi linajaa kwa dakika chache, na ukitaka kuiuza tuktuk yako kesho mnunuzi hakosekani. Anayefanya safari ndefu za ndani, kwenye barabara za vumbi na vituo vya mbali, asione haya kubaki nayo. Afanye tu mambo madogo yanayopunguza ulaji: kusafisha chujio cha hewa mara kwa mara, kubadilisha plagi kwa wakati, kujaza upepo wa matairi kwa kipimo, na kutopanga mizigo juu ya abiria watatu. Magurudumu laini peke yake yanakula mafuta kimyakimya.

Jambo moja zaidi. Bei ikipanda, petroli ya chupa za kando ya barabara huvutia. Serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuondoa faida ya kuyachanganya na mafuta mengine, na hilo lilisaidia, lakini hakuna anayekupimia kilichomo kwenye chupa. Injini ikianza kugonga na kutoa moshi, akiba ya wiki nzima inaishia kwa fundi.

Gesi

Hapa ninayoizungumzia ni LPG, gesi ile ile ya jikoni. Bajaj na TVS wote hutengeneza tuktuk za kutumia gesi tangu kiwandani, na wapo mafundi wanaobadilisha injini ya petroli ili itumie gesi. Watu husikia lita ya gesi ni nafuu, wakakimbilia. Wanachosahau ni kwamba lita ya gesi ina nguvu ya takriban robo tatu tu ya lita ya petroli. Safari ile ile inayokula lita tano za petroli itataka kama lita sita na nusu za gesi. Kwa hiyo kanuni ya kukumbuka ni moja: kama bei ya lita ya gesi haijashuka chini ya robo tatu ya bei ya lita ya petroli, hakuna unachookoa. Petroli ikiwa 180, gesi iwe chini ya 135 ndipo uanze kuongea.

Sasa tazama wanaotaka kutumia mtungi wa nyumbani. Kilomita 120 zitahitaji kama kilo tatu na nusu. Mtungi wa kilo 13 ukijazwa kwa shilingi 3,200, kilo moja ni karibu 246, na siku yako inafika 860. Hata petroli ukiihesabu 900 kamili, umeokoa shilingi arubaini, kabla hujamlipa fundi aliyebadilisha injini. Akiba hiyo haitoshi hata chai na mahamri.

Na kwa arubaini hizo umebeba hatari. Mtungi wa jikoni haukutengenezwa kulala ubavu wala kurukaruka kwenye mashimo. Tangi la gesi la gari lina vali inayozuia kujazwa kupita asilimia 80, ili gesi ipate nafasi ya kutanuka jua likiwaka, na jua la kwetu mnalijua. Gesi hii pia ni nzito kuliko hewa: ikivuja haipandi juu ikatawanyika, inakaa chini, kwenye sakafu ya tuktuk na kwenye ua uliozungushiwa ukuta unamoilaza usiku. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 kule Embakasi, Nairobi, lori lililobeba gesi lililipuka, moto ukala nyumba na watu wakapoteza maisha. Sitaki kuona mtungi wa jikoni umefungwa kwa kamba chini ya kiti cha mama aliyempakata mtoto. Nalisema hili kwa uzito wote nilio nao.

Anayetaka gesi kwa njia halali anunue chombo kilichotengenezwa kwa gesi, au kilichobadilishwa na fundi mwenye kibali kwa tangi la magari, na kwanza aulizie kituo kinachojaza gesi ya magari karibu naye. Mombasa iko kilomita kama 120 kutoka hapa. Hakuna anayefuata gesi huko akarudi na faida.

Wenye jamaa Dar es Salaam huuliza: mbona bajaji za kule zinatumia gesi na wenyewe wamefurahi? Hiyo ni gesi nyingine, gesi asilia iliyoshindiliwa. Tanzania inaichimba yenyewe. Ile ya Songo Songo inafika Dar kwa bomba tangu mwaka 2004. Sisi hatuna bomba hilo. Tuktuk ya gesi asilia ukiivusha Horohoro kuja nayo huku, utakuwa na tangi zito lisilo na wa kulijaza.

Mbono na spiriti

Kuna wazee wa Magarini wasiotaka kusikia habari za mafuta ya mimea, na wana sababu. Kampuni moja ya Kitaliano ilitaka kulima mbono kaburi katika msitu wa Dakatcha, kwenye eneo la hekta 50,000. Wananchi na watetezi wa mazingira walipinga, na mradi ukasimamishwa. Ardhi hiyo ni mashamba ya watu na makao ya ndege wasiopatikana kwingi duniani. Na hata mbono ungestawi, mafuta yake ni ya injini ya dizeli, hayaingii kwenye tuktuk ya petroli.

Spiriti ya miwa nayo ilichanganywa na petroli hapa Kenya miaka ya 1980, ikitoka Muhoroni, kisha mpango ukafa. Usidanganywe na mtu anayekuuzia spiriti kwa dumu. Inavuta maji kutoka hewani, na hewa ya pwani ina maji tele.

Stima

Tuktuk ya stima hula kama uniti nane kwa kilomita 100, ukijumlisha umeme unaopotea wakati wa kuchaji. Kilomita zetu 120 zitataka uniti kumi hivi. Uniti ikikugharimu shilingi 30 pamoja na kodi, siku nzima ni 300. Weka 300 mbele ya 900 za petroli: tofauti ni 600 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni 15,600 kwa mwezi. Hakuna oili ya injini ya kubadilisha, hakuna plagi, hakuna klachi wala kabureta. Kama tuktuk ya stima inazidi bei ya ile ya petroli kwa shilingi 200,000, tofauti hiyo inarudi kwa takriban mwaka mmoja na mwezi.

Mji wenyewe unaifaa. Malindi ni tambarare, safari ni fupi, na tuktuk inasimama kila baada ya muda mfupi. Injini ya petroli ikisimama kwenye foleni ya Barabara ya Lamu inaendelea kula. Mota ya stima ikisimama haili kitu. Na umeme wenyewe sehemu yake inazalishwa hapa hapa. Langobaya kuna kituo cha jua cha megawati 52, kinachoingiza umeme kwenye gridi tangu mwishoni mwa 2021. Bili ya stima ina nyongeza zake za mafuta na za dola, lakini hazijawahi kuniyumbisha kama tangazo la tarehe 14.

Sasa yale masharti mawili.

La kwanza ni betri. Tuktuk nyingi za stima za bei rahisi zinakuja na betri za risasi, zile za asidi kama za gari. Ni nzito sana, na ukizimaliza kabisa kila siku zinavumilia chaji 300 hadi 500 hivi. Kwa kazi ya kila siku hiyo ni mwaka mmoja au mwaka na nusu, kisha unanunua seti nzima upya. Betri ya lithiamu yenye chuma na fosfeti huvumilia zaidi ya chaji 2,000, yaani miaka mitano na zaidi. Bei yake dukani inatisha, lakini gawanya kwa miaka utakayoitumia uone. Mtu akinunua tuktuk ya stima ya betri za risasi, akiba yake ya mwaka inaliwa na seti ya pili, halafu anatangaza mji mzima kwamba stima ni uongo. Muuzaji akishindwa kukwambia ni betri ya aina gani, au dhamana yake ni ya miaka mingapi na inalipwa na nani, ondoka dukani humo.

La pili ni mahali pa kulala. Chombo kinachojaza kwa saa tano au sita lazima kilale penye soketi madhubuti, waya mnene na paa. Ukiishi chumba cha kupanga Kisumu Ndogo na tokeni mnachangia wapangaji sita, ugomvi utaanza wiki ya kwanza. Hata mwenye nyumba yake ajue kwamba uniti 260 kwa mwezi zitampeleka kwenye kiwango cha juu cha malipo ya nyumbani, kile cha wanaopita uniti 100. Tangu Aprili 2023 iko bei maalumu ya kuchaji vyombo vya stima: shilingi 16 kwa uniti kabla ya kodi na nyongeza, na nusu ya hiyo kwa saa ambazo matumizi ni madogo. Bei hiyo inahitaji mita yake. Mtu mmoja mwenye tuktuk moja haimfai, lakini steji ya watu kumi na watano wenye chama wanaweza kukodi ua, kuomba mita moja na kuchaji usiku kwa zamu. Hilo ndilo ninalotamani kuliona hapa kuliko jambo lolote jingine katika habari hii.

Muuzaji akikwambia inakwenda kilomita 100 kwa chaji moja, hesabu 75. Umbali wa kwenye karatasi hupimwa bila abiria watatu, bila gunia la nazi na bila mashimo. Kwa hiyo kilomita 120 zinataka uichaji mara ya pili katikati ya siku, na mji wetu una nafasi hiyo: baada ya adhuhuri jua linakuwa kali, watu wanajipumzisha, kazi inalala hadi alasiri. Tumia saa hizo. Ila usiichomeke ikiwa imetoka kazini inawaka. Iache kivulini kwanza ipoe, maana joto ndilo linaloiua lithiamu mapema.

Wengine wanaota kuchaji kwa sola zao wenyewe. Paneli nne za wati 550 zinaweza kutoa uniti kama kumi siku ya jua zuri, kiasi kile kile unachohitaji. Shida ni kwamba jua linapowaka tuktuk iko barabarani. Bila betri ya pili ya kubadilishana, paneli zitakusaidia kwa zile saa za mchana tu, na akiba itakuwa ndogo.

Chumvi nayo isikupite. Hewa ya bahari inakula shaba, na viungio vya nyaya vikianza kuota kijani umeme unapotea na waya unapata moto. Vipake grisi ya umeme na uvikague kila mwezi. Masika, barabara zikijaa maji, usiipitishe palipofika kwenye sanduku la betri. Na stima hukatika: tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ililala gizani. Inapowezekana, usishuke chini ya asilimia 30, ili usiku ukikosa chaji uweze bado kufanya kazi ya asubuhi, ile ya watoto wa shule.

Kwa wenye bodaboda, neno moja tu. Pikipiki za stima zinauzwa na kampuni kama Roam, Spiro na Ampersand, na baadhi yao kazi yao inategemea vituo vya kubadilishana betri. Pikipiki ya kubadilishana betri ni nzuri pale tu vituo viko kwenye njia zako. Hesabu kituo kilichofunguliwa na kinachofanya kazi. Cha ahadi kiache nje ya hesabu.

Nani anakula hiyo akiba?

Mpaka hapa nimeandika kama kwamba anayeendesha ndiye mwenye chombo. Kwa wengi sivyo. Dereva anachukua tuktuk alfajiri, anaweka mafuta kwa fedha yake, jioni anapeleka hesabu, yaani kiasi cha siku walichokubaliana, kwa mwenye nayo, na kinachobaki ndicho chake. Petroli ikipanda anaumia dereva peke yake; hesabu ya mwenye chombo haiguswi. Basi mwenye chombo ana sababu gani ya kuongeza laki mbili anunue ya stima, wakati akiba ya 600 itakwenda kwa mwingine? Hapo ndipo mabadiliko yanapokwama, na wala si kwa sababu watu wetu wanaogopa mambo mapya.

Linaweza kutatuliwa kwa mazungumzo ya haki. Tuseme hesabu inaongezwa shilingi 350 kwa siku, mwenye tuktuk azitumie kulipia tofauti ya bei na kuweka akiba ya betri ijayo. Dereva anabaki na 250 zaidi kuliko alipokuwa akinunua petroli. Wote wamefaidika. Lakini yaandikwe mapema: tuktuk inalala kwa nani, tokeni analipa nani, betri ikifa ndani ya dhamana nani anaifuatilia, na siku stima ikikosekana hesabu inakuwaje. Mwenye chombo anayepandisha hesabu kwa 600 nzima atapata dereva asiyejali kuipoza betri kabla ya kuichomeka, na hasara itamrudia yeye.

Kama bado mnasitasita, msinunue zote mara moja. Mwenye tuktuk tatu abadilishe moja, aiweke kwenye njia za mjini, nyingine ziende Mambrui na Gongoni kwa petroli. Na kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akupe chombo kikiwa na chaji kamili, pakia watu watatu wazima, endesheni mpaka Watamu na kurudi, karibu kilomita 50 kwa jumla, kisha soma kipimo cha chaji. Kikionyesha chini ya theluthi moja, chombo hicho hakifiki hata zile kilomita 75, hata kama dukani kimeandikwa kilomita 100.